Upande wa Nyuma wa Medali

Juma hili nilikuwa kwenye mstari wa ofisi moja hapa Kindu, ambako karani anakusanya medali za askari wa zamani wa enzi ya Wabelgiji, anazitambua, kisha anaandika familia zao. Mbele yangu alisimama mama mzee kutoka Kibombo. Alifungua kitambaa, akaweka medali ya baba yake juu ya meza.

Karani aliigeuza, akavaa miwani, akaisogeza karibu na dirisha.

"Mama, jina ya baba yako ilikuwa huku nyuma. Nani alisugua hivi?"

"Njo mimi. Nilisugua na muchanga."

"Juu ya nini?"

"Wakati wa vita, watu wa bunduki walikuwa wanaingia mu manyumba, wanatafuta familia za maaskari. Baba mwenyewe aliniambia: sugua, mwanangu, jina yangu munaijua."

Karani akavua miwani. "Kuko mwengine anaijua?"

"Vita iliwamaliza. Nilibaki mimi tu."

Alimrudishia medali kwa mikono miwili, kama anayempa mkono mfiwa. "Bila jina siwezi kukuandika, mama."

Nilichungulia. Upande wa mbele, sura ya mfalme wa Wabelgiji ilikuwa safi, hata nywele za ndevu zilionekana. Kweli, mfalme anatambulika bado. Lakini yeye hakuna aliyekwenda na bunduki kumtafuta huko Kibombo.