Fundi Randa na Nyumba ya Kwenye Simu

Mtaani walimwita Fundi Randa, na mkewe wakamwita Kasuku, kwa sababu mama huyo alikuwa na maneno. Akienda kununua vitunguu, muuza vitunguu alizijua habari za mtaa mzima kabla hajamrudishia chenji. Lakini siku tunazozisimulia, Kasuku alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache. Hakuishiwa habari, la. Aliishiwa pumzi. Alianza neno, katikati akasimama, akashika ukingo wa meza, na msikilizaji akabaki ameinamisha kichwa akingoja iliyobaki.

Kisa cha maradhi hakikuwa siri. Karakana ya Fundi ilikuwa chini, chumba chao kilikuwa juu yake, na kilichowatenganisha ni sakafu ya mbao zenye nyufa. Kila alichokipiga randa, kila alichokisugua kwa msasa, kila kabati alilolipaka vanishi, vumbi lake na harufu yake vilipanda juu kama moshi. Kasuku alilala humo, akapika humo, akalea humo watoto ambao sasa wana majumba yao. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza mgongo, kisha akauliza wanaishi wapi. Alipoambiwa alishusha pumzi.

"Mama, dawa nitakupa," alisema. "Lakini ukirudi kulala palepale, mimi na wewe tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu. Na safari moja kifua kitafunga, kisifunguke."

Basi ikaamuliwa wahame. Fundi aliomba kazi huku na kule mpaka akaipata: fundi wa matengenezo katika chuo kimoja, mji wa mbali wa milimani uliosifiwa kwa hewa yake. Milango, madawati, vitanda vya wanafunzi. Bahati nyingine, mdogo wake Kasuku wa kiume aliishi mji huohuo, dereva wa lori la kusambaza soda, kwa hiyo hakukuwa na kichochoro asichokijua. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta nyumba. Sharti lilikuwa moja, na kila mtu alilijua: iwe nyumba ambayo Kasuku ataweza kupumua.

Ikawa kila jioni, chakula kikiondolewa, wanaiegemeza simu kwenye birika, mke na mume wanakaa bega kwa bega, na shemeji anawaingiza kwenye nyumba za watu.

"Tazameni hii," alisema siku moja. "Vyumba viwili, maji ndani, ukuta saruji, chini saruji. Mwenyewe si mkorofi."

"Sogeza simu mlangoni," Fundi alisema. "Hapo kwenye bawaba. Aa, huo si mlango, huo ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Mvua mbili tu utavimba kama mkate."

"Shemeji, unapanga nyumba au unaoa mlango?"

"Mlango ndio uso wa nyumba."

"Mbona dada yangu ulimchukua hivihivi, hata hukumgongagonga ukasikia kama ni mbao ngumu?"

Kasuku alicheka hadi kikohozi kikamkamata, wakangoja kipite. Kilipopita, aliweka kidole kwenye kioo cha simu. "Hii ina hewa," alisema. "Tazama pazia. Linavyocheza."

"Pazia linacheza kwa sababu dirisha halifungi sawasawa," Fundi alisema. "Endelea, shemeji. Tuonyeshe nyingine."

Msimwone mtu mbaya. Huyu alitumia maisha yake kuwatengenezea wengine vitu vizuri. Sebule za watu zilijaa kazi ya mikono yake, naye mkewe akalala juu ya sakafu yenye nyufa. Sasa alitaka, mara moja kabla hawajafa, amweke mahali penye milango ya kweli. Ndiyo maana nyumba za saruji zilipita kwenye ile simu moja baada ya nyingine, na kila moja akaitoa kasoro, mpaka shemeji akaanza kupiga miayo waziwazi.

Halafu ikaja nyumba ya mjane mmoja, kwenye mteremko wa mlima. Dari ya mbao, sakafu ya mbao, madirisha ya mbao yenye mabawa mawili. Fundi aliinamia simu. Alimwambia shemeji asimame, asitikise mkono, apeleke simu taratibu kwenye pembe zote.

"Hapo," alisema mwishowe. "Hicho kimstari juu ya fremu. Mama mwenye nyumba yupo?"

Mjane akapewa simu. "Hicho ni tope tu, baba, la mvua."

"Mama, hiyo ni njia ya mchwa. Bado hawajafika mbali, lakini ukiwaacha watakula hadi paa. Sikiliza. Nitaichukua nyumba. Ila kabla hatujafika, piga dawa ya mchwa kila mahali, sugua mbao zote kwa msasa, halafu paka vanishi mikono miwili, wa kwanza ukikauka ndipo wa pili. Mbao kama hizo hazipatikani tena."

Mjane alifurahi kama aliyepata mwana. Wapangaji wake wote walikuwa watu wa kuharibu. Huyu alikuwa anaiponya nyumba kabla hajaiingia.

"Na hewa?" Kasuku aliuliza kutoka pembeni.

"Hewa ipo, dada," shemeji alisema. "Ni mlimani huku. Hewa inakupiga kofi."

Wakafunga mizigo. Karakana ikauzwa, pamoja na meza yake ya kazi.

Walifika mchana, mvua ikinyesha, wakipandishwa na lori la shemeji, kreti tupu zikigongana nyuma. Mjane alikuwa amefanya yote aliyoagizwa, tena kwa uaminifu. Na kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki, alikuwa amefunga madirisha yote ili vanishi isiingiwe na unyevu. Fundi aliingia kwanza. Mbao ziling'aa kama maji. Alitua mizigo, akapiga goti, akapitisha kiganja sakafuni.

"Njoo uone," aliita. "Njoo uone, mke wangu."

Kasuku alikuwa amesimama kizingitini, mkono kwenye fremu. "Fundi. Toka humo."

"Kuna nini?"

"Husikii harufu?"

Fundi alivuta pumzi hadi mabega yakapanda. Alivuta tena. "Sisikii kitu," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Ndipo walipogundua kuwa pua yake ilikwishakufa, na hakuna aliyejua ilikufa lini. Miaka yote ile alipokunywa uji ulioungua bila kunung'unika, mkewe alidhani ni upole.

Alifungua madirisha, mvua ikaingia. Akasema vanishi hukauka, akasema asubuhi itakuwa imekwisha. Kasuku alikuwa amechoka na safari, na baraza lilikuwa linavuja, basi akaingia, akakaa juu ya furushi la nguo. Chai haijachemka, midomo yake ikabadilika rangi. Shemeji alimbeba mgongoni kama mtoto hadi kwenye lori, Fundi akimfuata nyuma na kiatu chake kimoja mkononi.

Hospitali walimwokoa. Lakini alipoanza kufumbua macho ndipo neno lingine lilipojitokeza. Nesi wa wodini, mama mnene asiyezungusha maneno, alimvuta Fundi hadi koridoni.

"Baba, umeona ukimkaribia anakohoa?"

"Ni ugonjwa, mwanangu."

"Shemeji yako akimkaribia hakohoi. Mimi nikimkaribia hakohoi. Unafanya kazi gani wewe?"

Alimwambia. Nesi akamnusa begani, bila aibu, kama mtu anayenusa maziwa. "Hiyo vanishi imeingia kwenye ngozi," alisema.

Fundi alioga hadi ngozi ikauma. Akanyoa kichwa. Akanunua nguo za mtumba, zile za kwake akazichoma. Siku ya mapumziko alikaa kitandani kwa mkewe kwa muda mrefu, wakadhani wameshinda. Kesho yake alipokuja akitoka kurekebisha vitanda vya chuo, kikohozi cha mkewe kikarudi. Alikwenda kuomba chuoni wampe kazi ya kulinda geti. Walimwambia geti lina mlinzi, na kwamba wao walimwajiri kwa sababu ya mikono yake. Akiacha, nani atalipa dawa? Kwa umri ule, nani angempa kazi ambayo hajawahi kuifanya?

Akarudi kutafuta nyumba, safari hii kwa miguu. Ile ya saruji yenye pazia ilikuwa imeshapata watu. Kila walipofika, Fundi alisimama nje na shemeji akaingia kunusa, kona kwa kona, hata ndani ya kabati.

"Hii wamepikia mafuta ya taa," shemeji alisema akitoka. "Hii ina mbuzi."

"Na ile?"

"Ile haina kitu, shemeji. Haina hata uzuri."

Kilikuwa chumba kimoja cha saruji, mlango wa bati. Fundi alilipia, na Kasuku akahamia akitokea wodini, peke yake. Mume alibaki kwa mjane, kwenye mbao zake.

Jioni, akishaoga na kubadili nguo, huenda kukaa nje ya dirisha la mkewe, upande ule upepo unakokwenda. Kasuku amepata maneno yake tena. Anamsimulia habari za majirani, bei za vitunguu, nani kagombana na nani, na sentensi anazimaliza. Fundi humuuliza chumba kikoje, maana hajawahi kukanyaga ndani.

"Kona ya huku nimeweka kitanda," mkewe humwambia. "Kimoja, kile chembamba. Ya kule bado tupu."

"Ningekutengenezea rafu."

"Ungenitengenezea."

Jana alikuwa katikati ya habari ya mama wa nyumba ya pili aliposita, akageuza uso pembeni, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Upepo umegeuka," alisema. "Nenda, mume wangu. Kesho nitakumalizia."

Fundi akainuka. Akangoja hadi dirisha lilipofungwa.