Panzi wa Shemeji Yangu Kinyozi

Shemeji yangu ni kinyozi. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Atakunyoa kidevu usisikie wembe, lakini masikio yatakuwasha mpaka jioni.

Kwenye kona ya duka lake, chini ya dirisha, mahali ambapo mtu mwenye akili ya biashara angeweka kiti cha pili, yeye ameweka meza. Juu ya meza kuna jiliwa dogo, lile koleo la chuma la kubania kazi, limeng'ata ndoana. Hapo ndipo anapofunga wadudu. Anachukua ndoana, anaizungushia uzi na manyoya ya kuku, anaivisha vipande vya ile sponji laini ya rangi ambayo watoto hukatia maua shuleni, mpaka inafanana na panzi. Panzi anaelea, samaki anadanganyika, anameza. Ndivyo anavyosema yeye. Samaki mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Dada yangu, mkewe, ni msusi hapo hapo dukani. Wateja wake hukaa kwenye stuli mlangoni, miguu nje, kwa sababu kona ina panzi.

Siku moja alikuja kunyolewa msimamizi wa bwawa la kuvulia lililo nje ya mji, kule ambako watu wenye nafasi zao humvua samaki, wakampiga picha, wakamrudisha majini. Akawaona panzi. Akasema, "Niletee Jumamosi tuwajaribu. Wakivumilia maji, nitawaweka kaunta wauzwe."

Shemeji akavimba kama andazi. Dada akaacha nywele za mteja katikati.

"Sawa, baba. Wakivumilia, kona ni yako na sitaitaja tena. Wakibanduka, Jumatatu naleta kiti changu."

"Wewe jiandae kunyamaza."

"Na wewe tafuta bisibisi ya kufungulia hilo jiliwa."

Sasa, mwili wa panzi wake ni sponji mbili, ya kahawia chini, ya kijani juu, zimebandikwa pamoja. Kila kitu kilitegemea gundi. Akaja kibandani kwangu, ambako nauza zipu, vifungo, sindano na gundi za kila namna.

"Shemeji, nitolee zote nizione."

Nikampangia. Akaanza kufungua vifuniko na kunusa, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba.

"Kwani gundi inanuswa?"

"Mafuta ya nywele nachagua kwa pua na sijakosea hata siku moja. Na samaki naye ana pua, usimdharau."

Akachagua gundi nyeupe ya kubandikia karatasi, kwa kuwa hainuki. Nikamwambia ikiona maji inarudi kuwa uji. Akanitazama kama mtu anayetaka kumpandishia bei. Basi, mimi nauza gundi, siuzi akili. Nikamfungia. Kesho yake akarudi na glasi ya maji, kijani inaelea upande huu, kahawia upande ule, na uso wa mtu aliyetapeliwa.

Akachukua ile ya kichupa, inayoshika papo hapo. Ilishika kweli. Ilishika panzi, ikashika kidole gumba cha shemeji, na mteja mmoja akamaliziwa kunyolewa na mkono wenye mdudu. Sponji ilipokauka ikawa ngumu kama biskuti. Ukiikunja kidogo, inapasuka pale pale kwenye maungio.

"Huyu si panzi," akasema dada yangu akimgonga mezani, "huyu ni kibao."

Ikabaki gundi ya viatu, ile ya njano. Shemeji akaziba pua.

"Harufu inaisha ikikauka," nikamwambia. "Ila nisikilize. Paka nyembamba, pande zote mbili. Halafu ziache mbalimbali. Ukigusa kwa kidole isiponata, ndipo ubandike na ubane."

"Niache kwa muda gani?"

"Mpaka isinate."

"Mimi mtu wa kazi, shemeji. Siwezi kukaa kuitazama gundi."

Na hakuitazama. Kinyozi akiona kitu kimelowa, mkono unakwenda kwenye draya wenyewe. Ijumaa nilimkuta amepanga sponji mstarini kwenye meza, anazipuliza hewa ya moto, na mteja kwenye kiti ana shavu moja lenye ndevu na moja lisilo nazo. Kingo za sponji zilikuwa zimeanza kujikunja. Gundi ilikuwa imekauka juu tu kama utando wa maziwa, chini bado mbichi. Akabandika, akabana, akafunga uzi, akapiga mluzi.

Dada yangu alikuwa mlangoni anaona yote. Nikamnong'oneza, "Mbona humwambii?"

"Aliambiwa na muuzaji. Mimi nataka kona."

Jumamosi tukaenda bwawani. Msimamizi akamfunga panzi kwenye mshipi, akarusha. Panzi akaelea vizuri. Shemeji akatutazama. Msimamizi akarusha tena, panzi akapinda shingo. Mara ya tatu samaki akapanda, maji yakaruka, na mshipi ukarudi na tumbo la kahawia peke yake. Mgongo wa kijani ulikuwa mdomoni mwa samaki. Aliuonja, akautema.

"Bwana kinyozi," akasema msimamizi, akifungua ndoana, "mimi nilitaka mdudu mmoja. Umeniletea wawili."

Njia nzima ya kurudi shemeji alieleza kwamba gundi ni feki.

Jumatatu kiti kikafika. Kilikuwa cha mitumba, nilimpatania dada mimi mwenyewe. Sponji ya kukalia ilikuwa imebanduka kwenye ubao, na kwa ubanduko huo nilimbana muuzaji mpaka akaomba niondoke nacho. Dada akachukua kopo la gundi ya njano lililobaki, akapaka ubao, akapaka sponji, akaviegemeza ukutani kila kimoja kivyake. Akaendelea kusuka.

Shemeji akasogea na draya. "Nikusaidie, ikauke upesi?"

"Chomoa hiyo, baba."

Alipomaliza kichwa akagusa kwa kidole, akabandika, akakaa juu kwa uzito wake wote, na dada yangu si mtu mwepesi. Kiti hakikulalamika. Shemeji akaenda kutafuta bisibisi.

Siku hizi anafunga wadudu kwenye stuli mlangoni, miguu nje, na anayepita anahadithiwa habari za gundi feki. Juzi alinijia kuuliza kama nina inayokauka upesi zaidi. Nikamuuzia ile ya kichupa, pamoja na dawa ya kubandulia vidole.