Watoto wa Mbwa Kwenye Tenga la Kuku

Mama yangu alifuga mbwa miaka mingi bila kumgusa. Sisi ni Waislamu, mbwa kwetu ni najisi; lakini ni watu wa duka, na ghala la alizeti pale Mwankoko halilindwi kwa dua peke yake. Kwa hiyo tulikuwa na jike wa mbegu ya Kijerumani, mkubwa kama ndama. Mama alimwekea chakula kwa upawa mrefu, mwenyewe kasimama mbali. Ila kumpenda alimpenda, mtu asinidanganye.

Jike alipozaa watoto saba, viroboto waliwavamia. Mama akawaonea huruma. Asubuhi moja, mimi nikiwa dukani, alichukua dawa ya unga tunayochanganya na mahindi yasibunguliwe. Kuku huwa tunawapaka hiyohiyo, kidogo tu, kwa vidole, chini ya mbawa. Lakini hawa hakutaka kuwashika, basi akawamwagia kwa juu kwa kijiko mpaka wakawa weupe. Nao wakajilamba.

Niliporudi kula mchana niliwakuta wanatokwa mate na kutetemeka. Nikawapanga kwenye tenga la kuku, nikaita bajaji. Mama akapanda bila kuulizwa.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ni mimi niliyewamwagia dawa ya mahindi. Usimgombeze huyu."

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia mama. Niliona haya, nikayameza.

Daktari akaanza kuwachoma sindano mmoja mmoja. "Dawa bado iko kwenye manyoya," alisema. "Waogesheni kwa sabuni, haraka. Mimi mikono yangu haitoshi."

"Mama, acha, nitawaosha mimi," nikasema.

"Saba, peke yako?" Akakunja mikono ya baibui. "Udongo wa kujitwaharishia najisi baadaye umejaa Singida nzima. Lete ndoo."

Tuliwaosha tukiwa tumechuchumaa bega kwa bega. Sita wakaacha kutetemeka, mmoja baada ya mwingine. Wa saba, mdogo kuliko wote, alikuwa mikononi mwa mama. Daktari akainama, akamsikiliza kifuani, kisha akasema kwa upole, "Huyu ameshakwenda, mama. Mweke tu chini."

Mama hakumweka. Alisema povu bado limo masikioni, akaomba maji mengine safi, akaendelea kumwosha.