Dawa Iliyokuwa Ng'ambo ya Barabara

Wakati wa vita hospitali yetu ya Butembo iliporwa mpaka magodoro, kwa hiyo aliyekuja kumwona mzazi alileta dawa badala ya sabuni. Ukoo wa mume wangu, wafanyabiashara wa mtaa wa Kimemi wenye benchi lao kanisani, hawakukubali kupitwa. Kila shangazi alikuja na antibiotiki kali kuliko ya mwenzake, na daktari, mtu wa Kasai asiyelipwa mshahara, akamdunga zote binti yangu aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Usomi wote ule, na bado aliogopa kuwaudhi mashangazi.

Kinywa cha mtoto kikawa cheupe. Mama mkwe alisema ni maziwa, akapangusa. Kisha mtoto akaacha kunyonya, mwili ukapoa, ndipo daktari akaja kuinama kitandani kwangu.

"Mama, ile hapana maziwa, ni champignon, kuvu. Dawa zetu ziliua mikrobe, yeye akapata nafasi. Sasa iko mu damu. Basoda ba mwili ya mutoto bado batoto, habajue kupigana. Donc, mutafute fluconazole leo."

Askari watoto niliwajua. Walijaa vizuizini, na wao angalau walikuwa na bunduki.

Fluconazole ilikuwapo, katika duka la dawa ng'ambo ya barabara. Lakini mjini kwetu waliojulikana kuinunua ni wagonjwa wa ukimwi, na hapo ukarimu wa ukoo ukakauka. Mashangazi wakakumbuka viazi vyao shambani Lubero, wakaondoka. Daktari naye akasema yeye ni mgeni, watu watamfikiria vibaya. Mimi nilikuwa nimepasuliwa, kusimama siwezi. Mama mkwe akamwamuru mume wangu akanunue Beni, ambako hakuna anayemjua.

"Batu batasema nini juu yetu?" mama mkwe aliniuliza.

Na mume wangu akaenda, mtu mzima na ndevu zake. Nilimchukia siku hiyo, na sijaacha.

Wanajeshi walimzuia njiani, akalala huko. Aliporudi tulikuwa tumeshamzika binti yetu. Alinipa boksi bila kuniangalia. Lilikuwa na muhuri wa duka lile lile la ng'ambo ya barabara, maana maduka ya Beni huchukua dawa zao Butembo.

Mama mkwe alitaka nilifiche kabla wageni wa kilio hawajaingia. Nililiweka mezani, katikati ya sahani za maharagwe.