Ua la Miiba Lililonyweshwa Unga

Siku nilipotoka Shinyanga kwenda Geita kutafuta maisha, mama alinikatia kijiti cha ua lake la miiba, akakifunga kwenye gazeti. Miiba yake ingemtoboa kifaru akaomba radhi. Mama alipofariki, kiwanja kiliuzwa na mti wake ukang'olewa. Kikabaki changu tu, kwenye ndoo mbovu iliyotoboka, uani kwetu Kalangalala, hapa Geita.

Nililipanda kwenye marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha dhahabu yote wakautupa. Ua hili linataka maji yapite, yasikae. Jua la kutwa, maji mara moja moja, basi. Kiangazi ambacho hata mbuzi walikuwa wakigombania kivuli cha waya, lenyewe lilichanua mekundu bila haya.

Halafu majani yakaanza kuwa ya njano na kudondoka. Juu ya mchanga pakatanda ukoko mweupe, unanuka uchachu. Sumu! Kemia niliisoma shule ya jioni mpaka umeme ulipokatika, lakini hicho kidogo kilinitosha.

Nilimshuku kila mpangaji mwenye mikono. Zaidi nilimshuku jirani wa chumba cha pili, mama wa makamo anayewakaangia wachimbaji maandazi. Akifika kwenye ndoo yangu anaizunguka kama anakwepa nyoka. Nikitokea, anaharakisha hatua.

Asubuhi moja nikaaga kwa sauti kwamba naenda kazini, kisha nikarudi kujibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa. Haukupita muda akaja na kibuyu. Akatazama huku na huku, akachuchumaa, akamimina kitu cheupe shinani huku akinong'ona.

Nikachomoka.

"Shikamoo mama! Hiyo sumu umeitoa wapi?"

"Marahaba. Sumu gani? Unga wa mtama na maji. Nalipoza."

"Unapoza nini?"

"Zindiko lako! Si wewe uliyetangaza hapa uani kwamba atakayeligusa atarudi kwao hana meno? Tangu siku ile maandazi yangu hayaumuki. Nikasema ngoja nilibembeleze, kama tunavyowabembeleza wazee wetu waliotangulia kule kwetu Kharumwa."

Kweli nilisema. Nilikuwa nafukuza watoto na kuku.

"Mama, hili si zindiko. Ni ua. Alinipa marehemu mama yangu."

Akaweka kibuyu chini taratibu. "Ungesema tangu mwanzo, msomi wa jioni! La marehemu wa watu halipozwi na jirani."

Shina lilikuwa limelainika kama ndizi mbivu. Nikachukua kisu, nikalikata juu ya pale palipooza, utomvu mweupe ukatiririka.

"Na hayo maziwa si dawa?" akauliza, amerudi nyuma hatua kadhaa.

"Yakikuingia machoni utaiona dawa yake."

Tawi moja tu ndilo lilikuwa zima. Nililiacha kivulini mpaka jeraha likakauka, nikalichomeka kwenye marudio mapya, makavu. Wiki zikapita, halisemi kitu. Kila asubuhi jirani akipita ananyoosha mikono yote miwili, mitupu, kama mchimbaji anayepekuliwa akitoka shimoni.

"Pekua," ananiambia.

Napekua. Kibuyu nacho nakinusa.

Juzi limetoa maua mawili mekundu. Jirani akapiga kigelegele kilichoamsha mtaa mzima, "Wabeja, asante! Mama yako kaja!" Mimi nikachomeka kwanza kidole mchangani. Mkavu. Ndipo nikafurahi.