Banda la Wenye Nyumba

Siku tulipokabidhiwa funguo, wakala alitupa chupa ya mvinyo ambayo hatunywi, akatuambia hongera, sasa mna nyumba yenu. Alisema nusu ya ukweli. Nyumba tulinunua, lakini pamoja nayo tulinunua serikali, na serikali hiyo hakuna aliyetutajia.

Nieleze, maana hata watu wetu walioko hapa Sydney miaka mingi hawaielewi mpaka iwabane. Juu kuna serikali ya nchi. Chini yake kuna ya jimbo. Chini ya jimbo kuna halmashauri, inayozoa taka na kukata nyasi za kando ya barabara. Wengi wanadhani hapo ndipo mwisho. Lakini ukinunua nyumba kwenye mtaa kama wetu, uliojengwa na kampuni moja kwenye kiwanja kimoja, karibu na maghala ya Smithfield, nyumba zote rangi ya majivu, unakuta serikali ya nne imejibanza ndani ya geti. Barabara ya ndani si ya halmashauri, ni ya wenye nyumba wote kwa pamoja. Taa ni zetu kwa pamoja, bustani ni yetu, na lile banda la wazi lenye meza ndefu na jiko la umeme la kuchomea nyama ni letu pia. Ili kuvitunza, kila mwenye nyumba anatoa mchango, apende asipende, na wote tunahesabiwa wanachama wa jumuiya moja. Jumuiya ina kamati, kamati ina mwenyekiti, na mkutano ukikaa unatunga kanuni. Kanuni zenyewe si mchezo. Ukizivunja unaweza kushtakiwa kwenye mahakama ndogo ya jimbo na ukatozwa faini. Mimi niliwahi kuambiwa niondoe kitenge nilichokianika kwenye roshani yangu mwenyewe. Nilikiondoa huku nacheka. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa salamu tu, mazungumzo yalikuwa bado.

Mama yangu anaishi nasi. Alikimbia Burundi akiwa amenibeba mgongoni, akakaa kambini Tanzania, upande wa Kigoma, mpaka akaota mvi, ndipo tukaletwa huku. Kiingereza alikisomea Fairfield, kwenye darasa la wakimbizi, kikamkataa. Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri. Mimi nahudumia wazee kwenye makao ya wazee, yeye yuko kiwandani, na binti yetu yuko shule. Wiki nzima mama anazungumza na sufuria. Siku yake ilikuwa moja tu, Jumamosi. Jumamosi walikuja wenzake kwa treni na basi: Warundi wawili watatu, mama mmoja Mkongomani wa Uvira, na bibi mmoja Mwislamu wa Tanga, mpole wa sura lakini ulimi wembe. Kwa kuwa bibi wa Tanga hajui Kirundi, wote walizungumza Kiswahili, kila mtu na chake, naye akiwasahihisha bila kuombwa. Nyumba yetu ni nyembamba, imejaa ngazi, na magoti yao hayataki ngazi. Kwa hiyo walikaa bandani. Walitandika mkeka, wakavua viatu, wakamenya maharage mabichi, wakachoma mahindi kwenye lile jiko, wakacheka. Kabla ya kuagana Wakristo waliimba wimbo mmoja, bibi wa Tanga akiwasubiri kwa adabu, mkoba mapajani. Ndiyo yote. Hilo ndilo kosa lililowakosesha watu usingizi.

Mwenyekiti ni mzee mstaafu anayeishi nyumba ya kona, mtu wa kofia pana na mkasi wa kupogolea maua. Alikuja mlangoni kwetu na tabasamu, akasema kuna malalamiko. Kelele, harufu, viatu vimezagaa, na watu wengi wasio wakazi. Nikamuuliza nani amelalamika. Akasema hilo hawezi kusema. Nikamuuliza kama wajukuu wake, wanaojaa bandani kila Krismasi na spika yao, ni wakazi. Akacheka, akadhani natania.

Alipoondoka nilimtafsiria mama, nikiwa nimefura. Yeye hakukasirika hata kidogo.

"Tumwendee," akasema. "Mutu akiwa na neno na wewe, usingoje alipeleke mbele ya watu. Unamufuata kwake, munakula pamoja, inaisha."

Huo ndio utaratibu aliokulia, na ndio aliotulelea nao kambini. Wanawake wakigombana kwenye foleni ya maji, jioni mmoja alibeba chakula akamwendea mwenzake. Wakishakula sahani moja, jambo limekufa. Atakayelifufua hadharani ndiye mwenye aibu, hata kama mwanzoni alikuwa na haki. Nimeona ugomvi wa kutoana damu ukimalizwa kwa bakuli la maharage, na sikuwahi kuona mtu akila halafu akageuka.

Basi Jumapili alasiri mama alivaa vitenge vyake vya kanisani, akapika ndizi na maharage, akakaanga maandazi, tukaenda. Mwenyekiti na mkewe walitupokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Mama alisema, nami nikatafsiri: sisi ni majirani, kelele kama zimezidi watapunguza, viatu wataviweka kwenye mfuko, mahindi wataacha kuchoma kama harufu inaudhi, ila wasinyimwe pa kukaa. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Alikula maandazi matatu, akajilamba vidole. Kisha akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili.

"No worries," akasema. "Nimekuelewa kabisa. Niachie mimi."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Kurudi nyumbani mama alitembea kama msichana. Imeisha, alisema, na jioni ile akawapigia simu wenzake mmoja mmoja kuwaambia waje kama kawaida.

Taarifa ya mkutano mkuu ilipofika, hoja ya matumizi ya banda ilikuwamo. Nilimwonyesha mama. Akasema hiyo iliandikwa kabla hatujaenda kwa muzee, sasa haina maana. Nikasema labda niende tu, nikasikilize. Akanikatalia kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Ukienda utamwambia nini? Kwamba hauamini kinywa chake, na amekula chakula chako?"

Nikaona ana haki. Kwetu ana haki. Kwenda kwenye mkutano ule kungekuwa kumtukana mtu aliyekushika mkono. Sikwenda. Jioni ya mkutano nilipiga pasi sare za shule, mama akiniimbia.

Siku chache baadaye yakaja matokeo. Mgeni yeyote bandani aombewe ruhusa kwa kamati kwa maandishi, majuma mawili kabla. Wageni wasizidi wanne. Ruhusa ni moja kwa mwezi kwa kila nyumba. Pasiwe na kuimba. Kanuni ilikuwa imepita bila kupingwa.

Nilimwendea mwenyekiti na kandambili miguuni, mikono mitupu. Alikuwa anamwagilia maua.

"Ulimwambia mama yangu akuachie wewe," nikasema.

"Na nilifanya hivyo," akajibu, wala hakuonekana kuona haya. "Niliieleza hoja kwa haki kabisa. Niliwaambia mama yako ni mtu mzuri sana. Hakuna aliyepinga. You should have come."

Yaani ilinipasa kuja. Akanifafanulia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu, na hapo ndipo nilipoielewa mashine yenyewe. Kubadili kanuni hakuhitaji wenye nyumba wengi watake. Kunahitaji tu kwamba wanaopinga, kati ya wanaopiga kura pale, wasizidi robo. Na akidi? Waliofika siku ile hawakutosha. Wakasubiri nusu saa, kama sheria inavyoruhusu, kisha mwenyekiti akatangaza kwamba waliopo wanatosha. Watu ambao sebule yangu ingewatosha na viti vikabaki. Sisi wengine wote, wenye nyumba vilevile, tulikuwa majumbani tunapika, na kimya chetu hakikuhesabiwa popote. Nilipomsimulia bibi wa Tanga kwa simu, alisema tu, "Mwanangu, asiyekuwepo na lake halipo." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mzee hakuwa amesema uongo. Uongo ningeuelewa, waongo nimewazoea. Kwetu mtu aliyekula chakula cha jirani yake kisha akanyoosha mkono dhidi yake hatembei mchana. Huyu kesho yake alinipungia mkono toka bustanini, akaniambia msalimie mama. Kwake chakula kilikuwa chakula na kura ilikuwa kura, na katikati hapakuwa na kitu. Nilimchukia kwa ajili ya ile dhamiri yake safi. Bado namchukia, na kanisani sijaungama.

Wenzake mama hawakuja tena. Nilijitolea kuwaombea ruhusa, wakasema tusijisumbue. Mtu aliyeishi kambini kwa vibali hataki kuombewa kibali ili amenye maharage. Na mama mwenyewe akaanza kubadilika. Aliniuliza kama anaruhusiwa kupeleka taka. Aliniuliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha akikaanga vitunguu. Nikamwambia hii ni nyumba yetu, mama, hakuna wa kukufukuza. Akaitikia ndiyo, kama walivyokuwa wakiitikia wote kule kambini mtu wa shirika la wakimbizi alipopita na kipaza sauti. Jumamosi moja binti yangu alimwambia, "Bibi, you live here. You can sit there anytime." Hilo alilielewa, kwamba yeye si mgeni, akaenda. Nilimwona toka dirishani, mwanamke mmoja kwenye meza ya watu kumi na wawili, hana la kumenya. Hakukaa sana.

Nikaamua kupambana nao kwa mashine yao wenyewe. Mwenye nyumba yeyote anaweza kupeleka hoja, nami nikapeleka hoja ya kuifuta ile kanuni. Nikagonga milango. Jirani Mvietinamu alishangaa kusikia kuna mikutano. Muiraki wa nyumba ya mbele akaniambia mjomba wake naye alikatazwa shisha bandani, akadhani ni amri ya polisi. Nusu ya mtaa ni watu waliotoka mbali kama sisi, na wote walikuwa wameamini kwamba mikutano ni ya wenye nchi, sisi kazi yetu kutoa mchango na kunyamaza. Walioahidi kuja walikuwa wengi. Waliokuja, wachache.

Mama alitaka kuja. Alisema muzee labda alisahau, akimwona ana kwa ana atakumbuka. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Alivaa vilevile vitenge vya kanisani. Tulikaa safu ya pili, kwenye ukumbi wa kukodi wenye harufu ya kahawa na zulia jipya. Mwenyekiti alimwinamia mama, akamuuliza hali.

Hoja yangu ilipofika nilisimama, nikasema yangu kwa Kiingereza changu cha kazini, kile ninachotumia na madaktari. Nikamalizia kwamba mhusika mwenyewe yupo, angependa kusema maneno machache, na mimi nitatafsiri. Mama alikwishasimama, ameshika kiti cha mbele. Mwenyekiti akamnong'oneza meneja, yule wa kampuni inayolipwa kusimamia mtaa. Meneja akapekua, kisha akasema kwa upole kwamba asiye mwenye nyumba haruhusiwi kuzungumza mkutanoni, isipokuwa wenye nyumba waamue hivyo kwa kura.

Wakapiga kura. Watu wazima, wenye watoto na wazazi, walipigia kura mdomo wa mama yangu. Mimi nilinyoosha mkono. Muiraki akanyoosha. Mvietinamu akatazama huku na huku, kisha akanyoosha. Wengine wachache wakatufuata. Waliobaki waliangalia ajenda zao kana kwamba zimeandikwa jambo jipya. Waliopinga walinyoosha bila kututazama. Meneja akahesabu, akasema tumeshindwa, asanteni.

Mama alikuwa bado amesimama. Akaniinamia. "Anasema nini?"

Nimekuwa mdomo wa mama tangu tuletwe huku. Kliniki, benki, ofisi za serikali, shule. Na siku zote nimelainisha. Daktari akisema neno gumu, kwangu linapita likiwa limevuliwa miiba. Siku ile nilikataa kumlainishia mtu yeyote katika ukumbi ule. Nikamwambia neno kwa neno: wamepiga kura, wamesema usiseme, kwa sababu nyumba si yako.

Akaketi. Aliketi upesi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, macho chini, namna tulivyokuwa tukiketi wote maofisa walipoingia kambini na magari yao. Sikuwa nimeuona mkao ule tangu tufike nchi hii. Ukumbi mzima uliuona, ukadhani ni adabu. Mwenyekiti hata alimtabasamia.

Hoja yangu ikaanguka. Kanuni iliyoingia kwa kimya chetu, kuitoa kulitaka robo tatu ya kura, na sisi tulikuwa karibu nusu. Walihamia kwenye ajenda ya kupaka geti rangi, wakaijadili kwa bidii.

Tulitoka kabla hawajamaliza. Njia nzima ya kwenda kwenye gari nilitukana, Kirundi na Kiswahili, matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Mama alisubiri nimalize, kama unavyomsubiri mtu anayekohoa. Alipofunga mkanda akasema, bila kunitazama:

"Kule kambini walikuwa hawatusikilizi. Lakini walituacha tuseme."

Tangu jioni ile, wakituletea barua yoyote kutoka kwa jumuiya, haniulizi tena inasema nini.