Daftari la Kwaya la Mama Henriette

Mama Henriette wa Dilala ana vitu viwili asivyomwazima mtu. Cha kwanza ni kitabu cha Sheria ya Kazi ya Kongo, amekifunga kwa nailoni ili vumbi la Kolwezi lisikile. Cha pili ni daftari la mahudhurio ya kwaya ya parokia. Yeye ndiye katibu, huu mwaka wa kumi na moja, na waimbaji wanaliogopa daftari lile kuliko wanavyomwogopa padri. Ukikosa Misa, jina lako linaandikwa kwa wino mwekundu pamoja na sababu, na kwenye mazoezi ya Alhamisi unasimama mbele ya wote kuomba radhi. Kwake hakuna cha ndugu wala rafiki.

Siku za kazi ni karani wa wafanyakazi katika kampuni ndogo ya wageni inayotengeneza pampu za migodi upande wa Mutoshi. Patron, yaani mwenye kampuni, alipofika kutoka kwao mwaka jana alidhani ataajiri watu kama alivyozoea huko. Mama huyu akamkalisha chini. Mkataba uandikwe. Mgeni unayemleta awe na kadi ya kazi. Na kibarua aliyekwisha kufanya siku ishirini na mbili ndani ya miezi miwili, ukimwita tena kabla miezi hiyo haijaisha, huyo si kibarua tena, ni mfanyakazi wa kudumu.

Patron alisikiliza vizuri, vizuri mno. Tangu hapo kila kibarua akifika siku ya ishirini na mbili anaambiwa akapumzike nyumbani. Mama Henriette ilimuuma, maana ni yeye aliyemfundisha. Lakini sheria haikuwa imevunjwa, na yeye si mtu wa kuandika uongo ili kumkomoa mwenzake.

Ikafika zamu ya Muamba, fundi wa pampu na sauti nzito kuliko zote katika kwaya. Mkewe Angèle alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari alishasema atajifungua kwa kupasuliwa. Katika kampuni ile mfanyakazi wa kudumu hutibiwa yeye na familia yake. Kibarua hujijua mwenyewe. Ijumaa jioni Muamba aliambiwa neno lile lile: siku zako zimetimia, pumzika. Akaja ofisini na kofia mkononi.

"Mama Henriette, munisaidie. Muongeze siku moja tu mu liste. Hakuna mutu atayua."

"Muamba, mi niandike bongo? Kitu chenye hakikufanyika?"

Muamba akainamisha kichwa, halafu hasira ikamtoka. "Mama, muko mukali sana! Hata ile siku ya Pentekoste, patron mwenyewe alikuya kunibeba mu kanisa, na bado mulinisimamisha mbele ya bantu!"

Mama Henriette akaweka kalamu chini. Orodha ya kazi huandikwa na mlinzi wa getini, na Jumapili mlinzi hayupo. Siku ile haikuwa imehesabiwa. Alichukua mkoba wake, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na nyumbani hakuvua hata viatu kabla ya kufungua daftari.

Jina lilikuwepo, jekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Pentekoste. Muamba. Ametoka katikati ya Misa, saa nne na dakika kumi, amefuatwa na patron kutengeneza pampu. Sababu haitoshi."

Jumatatu aliingia kwa patron na vitabu vyote viwili.

"Daftari la kanisa?" patron akacheka.

"Ndiyo, patron. Ulifika mulangoni na bottes za matope mu miguu. Tulipangusa sisi wenyewe." Mama Henriette hakucheka. "Getini Muamba iko na siku makumi mbili na mbili. Na ile ya Pentekoste, mu miezi hii hii mbili, makumi mbili na tatu. Donc, ni kusema ulimwita tena kisha ya makumi mbili na mbili. Haiko tena kibarua, mutu wa siku."

"Na mkaguzi wa kazi atasoma lipi, la getini au la kanisa?"

"Atasoma yote mbili."

Patron akasoma saa aliyofika yeye mwenyewe, na dakika zake. Akafunua kurasa nyingine, miaka ya watu waliokosa Misa, wote wekundu, hata binti wa katibu mwenyewe. Mwaka mzima hajamwona mama huyu akiandika kitu kisichokuwepo. Akaomba kalamu. Mkataba wa Muamba ulitiwa sahihi kabla ya chai, na Mama Henriette alitoka mle ndani ameinua shingo, kama siku aliyovaa kitenge chake cha harusi. Alijisikia mkubwa, na hakujificha.

Alhamisi, kwenye mazoezi, kwa mara ya kwanza tangu awe katibu, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wote.

"Niliandika sababu haitoshi. Ilikuwa inatosha. Muamba, unisamehe."

Kwaya nzima ikapiga vigelegele. Angèle, kwenye benchi la nyuma, alikuwa analia na kucheka pamoja. Muamba akasogea, akanyoosha kidole kwenye ule mstari mwekundu.

"Basi mama, mufute jina yangu."

Mama Henriette akalifunga daftari, akalibana kwapani.

"Hapa hakuna mutu atafuta kitu. Mutoto wako akikomaa, umulete asome."